Miezi minne ya dawa za TB, kumbe ni saratani ya mapafu: njia tuliyopita na Mzee wangu (uzi mrefu)

#1 Mtoto wa Apolo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuanza mara tatu nikafuta. Leo niko kwenye benchi nje ya wodi, Mzee kalala, simu ina chaji, acha niandike mpaka mwisho.

Mzee wangu ana miaka 63. Ujana wake wote kaumalizia Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, mwanaapolo (mchimbaji) wa kweli, wa kushuka na kamba asubuhi na kutoka jioni mweupe kama kaanguka kwenye gunia la unga. Sigara alivuta pia, akaja kuacha mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa.

Mwezi wa pili mwaka jana akaanza kikohozi. Kwetu mzee wa mgodini akikohoa hakuna anayeshtuka. Tukampeleka hospitali moja (siitaji). Makohozi yakapimwa mara mbili, hakuna mdudu. Picha ya kifua ikaonyesha kivuli upande wa kushoto, juu. Wakasema kwa historia yake ya vumbi na kwa hiyo picha, tumwanzishe dawa za TB. Akaanza.

Mwezi wa pili wa dawa kapungua kilo 6. Tukaambiwa tuongeze lishe. Tukachinja kuku, tukanunua maziwa, tukamlazimisha uji wa ulezi mpaka akatuchukia. Mwezi wa tatu sauti ikakauka. Sio mafua, ile sauti ilikuwa kama upepo unapita kwenye mwanzi. Mama mdogo akasema ni kwa sababu anakohoa sana. Mwezi wa nne mgongo ukaanza kumuuma usiku.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja tu wa zamu, pengine hata miaka thelathini hajafika. Akaomba picha ya zamani na ya sasa, akaziweka sambamba dirishani, akanyamaza kidogo. Akasema: "Hiki kivuli kimekua. Kama ni TB na dawa anameza, kwa nini kikue?"

Hapo ndipo tukapewa rufaa ya kwenda kupiga CT, ile picha ya mashine inayoonyesha kifua kipande kwa kipande. Ikaonekana uvimbe pafu la kushoto, mitoki katikati ya kifua, na kidoa kwenye pingili moja ya mgongo. Nikadhani basi, jibu limepatikana, kesho dawa. Wakuu, kumbe ndio kwanza safari inaanza. Daktari bingwa akaniambia picha inaonyesha *kitu*, haiambii hicho kitu kinaitwaje. Lazima kinyama, yaani kipande kidogo cha huo uvimbe kikapimwe maabara.

Kinyama cha kwanza walikichukua kwa mpira wenye kamera unaopitishwa puani mpaka kwenye mirija ya hewa. Tukasubiri wiki nne. Majibu: "Sampuli haitoshi." Nilikaa chini pale pale dirisha la maabara.

Tulipokwenda hospitali ya pili, daktari alianza kwa kumpapasa Mzee shingoni, juu ya mfupa wa bega. Akakuta mtoki mdogo kama kunde. Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemshika shingo. Sindano ya dakika kumi, ganzi kidogo, siku tisa majibu yakatoka: adenokasinoma, aina mojawapo ya saratani, chanzo ni pafu. Steji ya nne.

Hapa kuna madaktari na watu waliopita njia hii. Naomba mniambie tulichokuwa tunatakiwa kukijua, maana tumeanza kuelewa mambo gari likiwa limeshafika Segera.

#2 Ngosha Mtulivu

Pole sana mkuu. Mpe Mzee shikamoo yangu. Nafuatilia.

#3 Dokta wa Zamu ya Usiku

Pole, mleta uzi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, kifua ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nitajibu kwa mapana kwa sababu kisa chako nakiona kila mwezi, sura tofauti tu.

Kwanza nimtetee kidogo aliyeanzisha dawa za TB. Vumbi la mwamba lina silika. Silika inakwaruza mapafu na kuyaacha na makovu, na pafu la namna hiyo TB inalipenda kuliko pafu zima. Kwa hiyo mzee wa Mererani mwenye kikohozi na kivuli, kuwaza TB si uzembe. Ila silika hiyo hiyo imo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya mapafu kwa binadamu, na ukiiongezea sigara, hatari inapanda zaidi. Yaani mgonjwa mmoja ana sababu za magonjwa yote mawili, na anaweza hata kuwa nayo yote kwa pamoja.

Kosa liko mbele kidogo. Ukimwanzishia mtu dawa za TB bila kumwona mdudu, umeweka dau. Ikifika mwezi wa pili lazima urudi kuangalia dau lako: uzito umepanda? Homa imekata? Kikohozi kimepungua? Picha imesafika? Kama majibu yote ni hapana, usiongeze lishe, tafuta jina jingine la ugonjwa.

Sauti kukauka ilikuwa kengele kubwa. Kuna mshipa wa fahamu unaoendesha kisanduku cha sauti. Upande wa kushoto unashuka mpaka kifuani, unapinda chini ya mshipa mkuu wa damu, kisha unapanda tena. Uvimbe au mitoki ya hapo ikiubana, sauti inaondoka. Kwa hiyo mtu mzima mwenye kikohozi na sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu asipewe dawa ya kifua akaenda zake nyumbani. Hali kadhalika anayekohoa damu, anayeugua nimonia inayorudi sehemu ile ile, ambaye ncha za vidole zimevimba kama virungu vya ngoma, anayeumwa bega moja na mkono wake umeanza kupungua nguvu, au ambaye uso na mishipa ya shingo vinavimba akiinama.

Halafu hilo la shingo. Sisi tunafundishwa kuchukua kinyama mahali ambapo ni rahisi kufika, hatari ni ndogo, na jibu litasema mengi zaidi. Mtoki wa juu ya mfupa wa bega ukiwa na saratani unakupa mambo mawili kwa sindano moja: jina la ugonjwa, na habari kwamba umeshatoka ndani ya pafu. Kama kuna maji yanayozunguka pafu, maji nayo yapimwe seli. Uvimbe ulio katikati, karibu na mirija mikubwa, ni wa kamera. Ulio pembeni karibu na mbavu ni wa sindano ya kupita kifuani huku CT inaongoza. Hiyo inaweza kutoboa pafu likavuja hewa, ndiyo maana mgonjwa anapigwa picha tena kabla ya kuruhusiwa.

#4 Kaka Mshumaa

Samahani wakuu, mimi nitasema tofauti. Mjomba wangu alikuwa anatembea, anakula. Wakamchoma hiyo sindano ya kinyama, miezi miwili tukazika. Saratani ukiigusa inatawanyika. Wazee wetu waliliona hilo.

#5 Dokta wa Zamu ya Usiku

Kaka Mshumaa, pole kwa msiba. Sitakubishia ulichokiona, nitakubishia mpangilio. Wengi wanachomwa sindano ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, na wangeondoka ndani ya miezi ile ile hata wasiguswe. Seli kubaki kwenye njia ya sindano ni jambo linalotokea mara chache mno. Linalotokea kila wiki ni mtu kukataa kinyama na kutibiwa kwa kukisia.

Na bila kinyama hakuna dawa, kwa sababu "saratani ya mapafu" ni jina la ukoo. Ndani kuna watoto wasiofanana. Kuna ya seli ndogo, kama asilimia 15, inayokimbia kama moto wa nyasi kavu na karibu siku zote ni ya wavuta sigara. Iliyobaki, kama asilimia 85, ni kundi la seli zisizo ndogo, na humo adenokasinoma na skwamasi ndizo kubwa. Seli ndogo mara nyingi haipasuliwi, inakwenda kwa dripu (dawa za saratani za kupitisha kwenye mshipa) na mionzi. Pemetrexed ni dawa nzuri kwa adenokasinoma, kwa skwamasi haifai. Sasa mtu anaanzaje kutundika dripu bila kujua anatibu mtoto yupi?

#6 Maabara Mlango wa Nyuma

Nami niongezee kwa upande wetu wa maabara, maana "sampuli haitoshi" watu wanadhani ni uvivu wetu.

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuoza dakika hiyo hiyo. Kiingie kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhia kinyama) ya asilimia 10 mara moja, na fomalini iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Nimeshapokea kinyama kwenye maji ya chumvi kikiwa kimesafiri na basi siku mbili. Nimeshapokea kwenye spiriti. Nimeshapokea kikopo kikavu, kinyama kimenata kwenye kifuniko kama ganda la ugali kwenye sufuria. Hapo hata angekuja bingwa kutoka mbinguni hasomi kitu.

Jambo ambalo ndugu hawalijui: kama daktari anawaza TB *na* saratani, vyombo viwe viwili. Fomalini inaua vimelea vyote, kwa hiyo kinyama cha kuotesha TB hakitakiwi kuiona fomalini kabisa. Kimoja fomalini, kingine maji safi ya chumvi, vyote vimeandikwa jina. Muulize daktari kabla hajavaa glovu. Hatachukia. Akichukia, uliza tena.

Tukishamaliza kusoma, kinyama chako kinabaki ndani ya kipande cha nta tunachokiita bloku. Bloku inatunzwa, na mgonjwa ana haki ya kuomba ipelekwe maabara nyingine kwa vipimo vya vinasaba. Watu wanarudia kuchomwa wakati bloku yao ipo kabatini.

#7 Mtoto wa Apolo

Maabara, hilo la bloku ndilo lililotusaidia, nitalieleza. Lakini kwanza niulize la steji. Mimi nilisikia steji ya nne nikaanza kuwaza jeneza. Hivi inamaanisha nini hasa?

#8 Dokta wa Zamu ya Usiku

Steji ni ramani ya ugonjwa ulipofika, siyo tarehe ya kufa. Ya kwanza, uvimbe uko ndani ya pafu peke yake. Ya pili, umekua au umegusa mitoki ya karibu na pafu. Ya tatu, mitoki ya katikati ya kifua imeingiliwa, au uvimbe umeshika vitu vya jirani. Ya nne, umetoka: pafu la pili, maji yenye seli kuzunguka pafu, mifupa, ini, ubongo, au tezi zinazokaa juu ya figo. Ndiyo maana CT ya kifua kwa saratani inashuka mpaka kwenye ini na tezi hizo, na inapigwa kwa sindano ya rangi. Mgonjwa anayeumwa kichwa au kuyumba apigwe picha ya ubongo pia.

Ya kwanza na ya pili, kama pumzi zinaruhusu, anayestahili kumwona kwanza ni daktari wa upasuaji wa kifua. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Mara nyingi inaondolewa sehemu moja nzima yenye uvimbe pamoja na mitoki. Kabla ya hapo mgonjwa anapuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, kuona kama kitakachobaki kitamtosha. Asiyeweza kupasuliwa kwa sababu ya moyo au pumzi anaweza kulengwa kwa mionzi mikali ya siku chache, penye mashine ya kuifanya.

Ya tatu ndiyo inayohitaji vichwa vingi mezani. Wengi wao hupewa dripu na mionzi kwa pamoja, mionzi yenyewe kama siku 30 kwa wiki sita, na penye uwezo inafuata dawa ya kuamsha kinga kwa mwaka mmoja. Hapa usikubali daktari mmoja aamue peke yake. Uliza: "Mgonjwa wetu amejadiliwa kwenye kikao cha mabingwa?" Wa upasuaji, wa mionzi, wa dripu, wa picha na wa patholojia wakae pamoja. Kwetu vikao hivyo vipo kwenye hospitali kubwa. Ocean Road pale Dar ndiyo taasisi ya taifa ya saratani, Bugando nako mionzi ipo, na upasuaji wa kifua uko Muhimbili na hospitali nyingine chache.

Ya nne, lengo linabadilika: kuurudisha ugonjwa nyuma, kumpa mtu muda, na muda huo uwe wa kuishi. Dripu za jamii ya platinamu, mizunguko minne hadi sita, kila baada ya siku 21. Kama vipimo vya vinasaba vimeonyesha badiliko lenye dawa yake, vidonge.

Kuna kipimo kingine hakina mashine. Tunatazama mgonjwa anajiwezaje: anatembea, anajihudumia, au kutwa yuko kitandani? Tunampa namba kuanzia 0 mpaka 4. Mwenye 0 au 1 anastahimili dripu. Mwenye 4, dripu inaweza kumwahisha. Ndugu wengi wanadhani wamenyimwa dawa kwa sababu hawana fedha, kumbe daktari anaogopa kumuua mgonjwa. Ila na sisi madaktari tuna kosa letu, hatukai chini kulieleza hilo.

#9 Wa Juja

Poleni sana ndugu zetu. Mimi ni Mkenya, niwape ya mamangu.

Mamangu hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Alipika kwa kuni, jikoni bila dirisha, zaidi ya miaka arobaini. Aliugua kikohozi, akatibiwa ugonjwa wa pumu, inhela tatu tofauti. Hatimaye CT, sindano, adenokasinoma. Daktari wa saratani akasema, kabla ya dripu tupime kinasaba kinachoitwa EGFR. Kikapatikana kimebadilika.

Akapewa kidonge kimoja kwa siku. Hakuna dripu. Wiki ya tatu alikuwa anaenda kanisani kwa miguu. Lakini si maji ya baraka, jamani: vipele usoni na kifuani, kuhara, ngozi ya kando ya kucha ikawa inapasuka. Alikaa vizuri miezi 14, kisha ugonjwa ukajifunza njia nyingine. Hiyo miezi 14 aliona wajukuu wawili wakizaliwa. Siibadilishi na kitu.

Na wanaotaka kuja Nairobi kwa ajili ya PET, ile picha ya mwili mzima inayotafuta penye ugonjwa, ipo, Aga Khan na ile hospitali ya rufaa ya Kenyatta University. Lakini daktari wetu alituonya: PET huwaka penye saratani, na huwaka penye TB pia. Katika nchi zetu, kitu kikiwaka bado unarudi kwa kinyama.

#10 Dokta wa Zamu ya Usiku

Asante sana Wa Juja. Hayo mabadiliko ya EGFR yanaonekana zaidi kwa wasiovuta, kwa wanawake na kwa watu wa Asia, ila mtu yeyote mwenye adenokasinoma anastahili kupimwa. Kuna kinasaba kingine, ALK, nacho kina vidonge vyake. Na kuna kipimo cha PD-L1 kinachosaidia kuamua kama dawa za kuamsha kinga zitafaa peke yake. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeweka erlotinib, kidonge cha wenye mabadiliko ya EGFR, pamoja na gefitinib na afatinib kama mbadala, kwenye orodha ya dawa muhimu. Kuwekwa kwenye orodha si kufika dirishani kwa mfamasia, najua.

Tahadhari moja kwa wenzetu wenye kisa kama cha mleta uzi. Rifampisini, ile dawa ya TB inayofanya mkojo uwe mwekundu, inalifanya ini lisage hivyo vidonge haraka kupita kiasi. Mgonjwa anameza kila siku, mwilini kinabaki kiasi kidogo tu, halafu tunasema dawa haifanyi kazi. Daktari wa saratani lazima aambiwe kila dawa inayomezwa, za hospitali na za nyumbani.

#11 Mitishamba Bora TZ

Ndugu zangu acheni kuteseka. Majani ya mstafeli pamoja na unga wetu maalumu, siku 40 saratani yote inayeyuka. Njoo inbox.

#12 Ngosha Mtulivu

Huyu hakosekani kwenye uzi wa ugonjwa. Mkuu, hiyo siku 40 inahesabiwa kabla au baada ya kutuma hela?

#13 Mtoto wa Apolo

😂 Mzee alikunywa mstafeli wiki mbili kwa siri ya shangazi, akaharisha mpaka dripu ya kwanza ikasogezwa mbele. Shangazi simlaumu, alikuwa anatafuta cha kushika. Wewe muuzaji nakulaumu.

Sasa la bloku. Tulipeleka maombi, bloku ikasafirishwa, tukasubiri karibu mwezi. EGFR: hakuna mabadiliko. ALK: hakuna. Nilikuwa nimeshasoma habari za vidonge usiku kucha, nimeshamwota Mzee anatembea kama mama wa Wa Juja. Daktari akasema basi ni dripu, carboplatin na pemetrexed, tuanze maana Mzee bado anajiweza.

Lakini niwaambie kilichokuwa kigumu kuliko kinyama. Ni kumwambia mwenyewe. Kikao cha ukoo kilikaa, baba mkubwa akaamuru: asiambiwe, atakata tamaa. Daktari alipoingia wodini tukawa tunamkonyeza. Kila mtu anasema "vidonda vya mapafu". Mzee anaitikia tu. Siku moja namnyoa ndevu akaniuliza taratibu, "Hivi wewe, mimi nimeshuka chini ya ardhi mamia ya mita, mwamba umewafunika wenzangu nikiwaona. Mnanificha kitu gani nisichowahi kukiona?"

Nikamwambia. Akanyamaza. Akauliza kama inaambukiza wajukuu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi malizia upande huu, umeacha ndevu."

Kesho yake akaita baba mkubwa wakagawa mambo ya shamba. Ameanza kulala vizuri tangu siku hiyo, na sizungumzii dawa.

#14 Mama Kijacho

Nimelia hapa kwenye daladala watu wananiangalia.

#15 Nesi wa Shufaa

Mleta uzi, mgongo wa Mzee unaendeleaje? Hujasema kitu kuhusu maumivu na ndicho mimi kimenishika.

Nafanya kazi kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Watu wakitusikia wanajua tumekuja na sanda. Naomba nifute hilo. Mwaka 2010 kulichapishwa utafiti wa Boston, hospitali ya Massachusetts General, wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipewa matibabu ya kawaida, nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata shufaa walikuwa na maisha bora, huzuni kidogo, dripu chache za mwishoni, na bado waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Kwa hiyo tuiteni mapema.

Morfini ya maji siyo ya kufia. Inatolewa kwa kipimo, kila baada ya saa nne, na kwa kiasi kidogo inatuliza hata ile hali ya kukosa pumzi inayomfanya mgonjwa aogope usiku. Inafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja nayo, msisubiri. Mfupa unaouma unaweza kupigwa mionzi mara moja tu, siku moja, na wengi wanapata nafuu wiki chache baadaye. Ila akianza kulegea miguu, au mkojo na choo vikakataa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Uti wa mgongo unabanwa. Msingoje kliniki ya Jumatano.

Na kwa asiye na bima: dirisha la ustawi wa jamii lipo hospitalini. Nendeni na barua ya serikali ya mtaa mapema, msisubiri deni lifike shingoni.

#16 Mtaa wa Saba

Dokta, mimi nina 52, navuta pakiti moja kwa siku miaka 25. Sikohoi. Nikapige X-ray kila mwaka?

#17 Dokta wa Zamu ya Usiku

X-ray ya kila mwaka kwa asiyeumwa haipunguzi vifo, hilo lilishapimwa kwa makumi ya maelfu ya watu. Kilichopunguza ni CT ya mionzi midogo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 ulionyesha vifo vya saratani ya mapafu vikipungua kwa asilimia 20 ukilinganisha na X-ray. Kwao sasa wanapimwa wenye miaka 50 mpaka 80 waliovuta angalau "pakiti-miaka" 20, yaani pakiti kwa siku mara idadi ya miaka, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15. Wewe una 25, kwa hesabu yao umeingia.

Kwetu hakuna mpango wa taifa wa namna hiyo, na kuna sababu ya kwenda taratibu: vifua vyetu vimejaa makovu ya TB ya zamani. CT itaona vidoa, tutakuchoma sindano, tutakuta kovu. Kama unaweza, kaa na daktari wa kifua mlijadili. Kuacha sigara hakusubiri mashine. Na hata aliyekwisha kugundulika, akiacha, matibabu yanamkubali vizuri zaidi.

#18 Mtoto wa Apolo

Mrejesho, wakuu. Nesi wa Shufaa, nilikwenda na ujumbe wako mkononi. Mzee alipigwa mionzi ya mgongo mara moja, na morfini anakunywa mwenyewe, kikombe chake kakichora alama ya msumari. Usiku analala.

CT baada ya dripu ya tatu: uvimbe umepungua, mitoki imepungua, mgongo haujaongezeka. Sauti haijarudi, daktari kasema huenda isirudi. Yeye kasema alishaongea vya kutosha. Juzi kaenda kuangalia mbuzi, kachoka, karudi na pikipiki, kagombana na dereva juu ya nauli kwa ile sauti ya mwanzi. Dripu ya nne Jumatatu.

#19 Kahama Kwetu

Mkuu, nimesoma uzi wote usiku huu. Mama yangu yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB, makohozi hayakuonyesha kitu, amekonda, na wiki hii sauti imeanza kukwaruza. Tuanzie wapi?

#20 Mtoto wa Apolo

Ile picha ya kifua ya kwanza bado unayo? Itafute leo. Kesho asubuhi mpeleke mama apigwe nyingine, uziweke zote mbili mbele ya daktari, na umwombe amshike shingo.